Kadi Nne za Kliniki, Chungu Kimoja

Chumvi haitiwi kwenye sahani ya mgonjwa. Hutiwa kwenye chungu, na chungu ni cha nyumba nzima. Hata hivyo, ushauri wa lishe unaotolewa kliniki humlenga mtu mmoja mwenye kadi moja: huyu apunguze wanga, yule apunguze chumvi, wa tatu aache maharage, wa nne aogope ndizi. Kila ushauri ukiusikia peke yake una mantiki. Ukifika wote jikoni kwa pamoja, anayepika hubaki na orodha ya makatazo isiyomwachia cha kupika isipokuwa maji ya moto. Hoja ya makala haya ni kwamba nyumba yenye magonjwa sugu mengi haihitaji vyungu vingi. Inahitaji chungu kimoja kilichopangwa vizuri na sahani zinazotofautiana, na huduma za afya zina wajibu wa kuzungumza na nyumba hiyo kama nyumba, si kama watu wanne waliopangiwa siku nne tofauti za kuja kupimwa.

Nyumba ya namna hiyo si jambo la nadra tena. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64, asilimia 25.9 walikuwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9.1 walikuwa na kisukari. Kenya, utafiti wa aina hiyohiyo wa mwaka 2015 ulipata asilimia 23.8 ya watu wazima wenye presha. Chukua nyumba ya Tanzania yenye watu wazima wanne. Hata kama presha ingegawiwa kwa bahati nasibu, nyumba kama saba katika kila kumi zingekuwa na angalau mgonjwa mmoja. Lakini haigawiwi hivyo. Ndugu hurithi miili inayofanana, na watu wasio na damu moja hurithi jiko moja: uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2014 ulionyesha kuwa mtu ambaye mwenzi wake wa ndoa ana kisukari yuko katika hatari ya kukipata kwa asilimia 26 zaidi ya wengine. Mume na mke hawana babu mmoja, ila wana kikaango kimoja. Juu ya hayo tuna mambo yetu wenyewe: watu wanaoishi na VVU ambao dawa zimewafikisha umri wa kupata presha na kisukari, watoto wenye selimundu, vijana waliobadilishiwa vali za moyo, na kifua kikuu, ambacho humpata mwenye kisukari mara mbili hadi tatu zaidi ya asiye nacho. Wote hao wanaweza kuwa wanakula ugali mmoja.

Tuanze na yale ambayo magonjwa haya yanakubaliana, kwa sababu ni mengi kuliko inavyodhaniwa. Jaribio la mlo uitwao DASH, lililochapishwa Marekani mwaka 1997, liliwapa watu matunda, mboga na maziwa yaliyopunguzwa mafuta kwa wingi, bila kugusa chumvi wala uzito wao. Kwa waliokuwa na presha, kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa takriban milimita 11 za zebaki, kiasi ambacho dawa nyingi zingejivunia. Mwaka 2001 watafiti wakaongeza upunguzaji wa chumvi na presha ikashuka zaidi. Mwaka 2002, utafiti mwingine wa Marekani uliwafuatilia watu waliokuwa mlangoni mwa kisukari. Waliobadili mlo, wakapunguza uzito kidogo na kutembea, walipunguza uwezekano wa kukipata kwa asilimia 58, wakati waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Watafiti wa jongo nao walipowafuatilia maelfu ya wanaume, mwaka 2004 waliripoti kwamba nyama na vyakula vya baharini huongeza hatari, lakini mboga na kunde zenye viini vilevile vya purini haziongezi. Hawa ni mabingwa wa magonjwa tofauti ambao hawakukaa meza moja, na bado wameishia karibu kwenye jiko lilelile: chumvi na sukari kidogo, kukaanga mara chache, mboga na jamii ya kunde kwa wingi, nafaka zisizokobolewa, nyama kwa kiasi. Shirika la Afya Duniani linaposema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ale angalau gramu 400 za mboga na matunda, na sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu anayoipata kwenye chakula, halitaji ugonjwa wowote. Huo ndio msingi wa chungu, na hakuna mgonjwa wa orodha yetu ambaye chungu hicho ni kibaya kwake moja kwa moja, isipokuwa wachache nitakaowafikia.

Faida ya kuanza na chungu ni kwamba kinapimika. Hakuna mama anayeweza kujua mume wake kala gramu ngapi za chumvi leo, lakini kila mama anajua pakiti ya chumvi ilinunuliwa lini. Watu wazima sita kwa gramu 5 kila mmoja ni gramu 30 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo inapaswa kuvuka siku 16. Ikiisha ndani ya wiki moja, kila mmoja anakula karibu gramu 12, zaidi ya mara mbili ya kikomo, na hapo hatujahesabu mkate, ng'onda, achari, viungo vya pakiti vya mchuzi na chipsi za barabarani. Wala hatujahesabu magadi. Katika nyumba nyingi magadi hutiwa kwenye maharage, makande, mlenda na kisamvu ili vilainike haraka na kuokoa mkaa, na hakuna anayeyaita chumvi kwa kuwa hayana ladha ya chumvi. Lakini magadi ni sodiamu, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Mgonjwa anaweza kuapa kwa haki kabisa kwamba ameacha chumvi huku akila magadi mchana na jioni. Kuloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga maji hufanya kazi hiyohiyo bila gharama hiyo. Sukari nayo hupimwa kwa mfuko: nyumba ileile ya watu sita ikimaliza kilo moja kila siku tatu, kila mmoja anapata zaidi ya gramu 50 kwa siku, kabla ya soda ya mililita 350 ambayo peke yake ina gramu 35 hadi 40.

Ushahidi mzito kabisa wa kutibu jiko badala ya mtu umetoka vijijini China. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu karibu 21,000 wa vijiji 600, waliowahi kupata kiharusi au wenye umri wa miaka 60 na zaidi wakiwa na presha, waligawanywa kwa vijiji: wengine waliendelea na chumvi ya kawaida, wengine wakapewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu badala ya sodiamu. Baada ya karibu miaka mitano, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa waliobadilishiwa chumvi. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba watafiti hawakumpa mgonjwa kichupa chake. Walitoa chumvi ya kutosha nyumba nzima, kwa kuwa walijua mgonjwa hapiki chakula cha peke yake. Jambo la pili ni zito zaidi: hawakumwandikisha mtu yeyote ambaye yeye, au yeyote anayeishi naye, alikuwa na ugonjwa mkubwa wa figo au alitumia dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, kama spironolaktoni wanayopewa wengi wenye moyo uliochoka. Sababu ni kwamba figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu, na ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chumvi ya namna hiyo kwa watu wazima, liliwaondoa wenye matatizo ya figo, wajawazito na watoto. Basi pakiti moja inaweza kumkinga bibi na kiharusi na kumweka hatarini mwanawe anayekula mchuzi huohuo. Duka halitauliza nani anaishi kwako. Daktari anayemwona bibi peke yake naye hatauliza, kwa sababu mgonjwa wa figo hayumo kwenye faili lake. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba nyumba ndiyo inayofaidika na nyumba ndiyo inayodhurika.

Sasa tuje kwenye migongano, maana hapo ndipo wapinzani wa chungu kimoja wanaposimama. Watasema kila ugonjwa una mlo wake na kuichanganya milo hiyo ni kucheza na maisha ya watu. Jibu linataka subira, kwa sababu migongano mingi inayosemwa si ya magonjwa. Ni ya orodha za zamani na mazoea ya mtaa. Mwenye vidonda vya tumbo huambiwa aache maharage, na kwa kuwa mwenye kisukari huambiwa ale maharage, nyumba inapika mara mbili. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki. Maharage hayavileti, na kuyaacha hakuviponyi. Anayeyasikia yakimsumbua apunguze, asiyesumbuliwa ale. Mwenye jongo naye huambiwa hivyohivyo kuhusu kunde, na tumeona tafiti zinasema nini. Aliyebadilishiwa vali ya moyo na kuwekwa kwenye warfarini huogopeshwa mchicha, matembele na kisamvu kwa sababu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Anachotakiwa kwa kweli ni kutobadilisha kiasi ghafla: akila mboga za majani kila siku kwa kiasi kilekile, daktari hupanga dozi kulingana na mboga hizo. Hatari ni kuacha kabisa kwa mwezi mmoja, au kuanza unga wa mlonge kila asubuhi kwa kuwa jirani kausifia. Desturi ya ugali na mboga kila jioni, ambayo wengine wanaiona ya kimaskini, inamfaa mgonjwa huyu kuliko mlo wa kifahari unaobadilika kila siku.

Kuna pia ule ugali wa mgonjwa wa kisukari: unga wa ulezi, mtama, muhogo au dona, unaopikwa kwenye sufuria yake na kuliwa mpaka ashibe kwa imani kwamba hauna sukari. Una wanga kama ugali mwingine. Dona lina faida zake, nyuzinyuzi na vitamini zilizobaki kwenye pumba, lakini faida hizo zingemfaa kila mtu nyumbani, na bonge kubwa la dona hupandisha sukari kuliko kipande kidogo cha sembe. Asali vilevile: ni sukari iliyotengenezwa na nyuki. Mwenye kisukari hahitaji unga wake, anahitaji ujazo wake. Sahani ambayo nusu yake ni mboga, robo ni ugali au wali na robo ni samaki, dagaa au maharage inapatikana kutoka chungu kilekile ambacho wengine wamekula.

Migongano ya kweli ipo, nayo ni michache lakini mikali. Ya kwanza ni figo zilizofika hatua za mwisho. Mtu ambaye kipimo cha damu kimeonyesha potasiamu ya juu (si kila mwenye kadi ya kliniki ya figo) hawezi kula ndizi, parachichi, maji ya dafu, nyanya nyingi na mboga za majani kwa uhuru ambao DASH inausifu. Hata hapo jiko lina la kufanya: viazi na ndizi za kupika zikimenywa, zikakatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwenye maji mengi na maji hayo yakamwagwa, potasiamu hupungua sana, kwa viazi hata kufikia nusu. Fungu lake lichemshwe kabla ya kuunganishwa, mengine yaendelee. Protini yake ina hesabu ya ajabu kidogo, kwani inabadilika njiani. Kabla ya kusafishwa damu, miongozo hutaja takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Akishaanza kusafishwa damu, inapanda hadi gramu 1.0 mpaka 1.2, kwa kuwa mashine huondoka na protini. Kwa mtu wa kilo 60, ni kutoka gramu 48 hadi kati ya 60 na 72. Familia nyingi huendelea kumnyima samaki mgonjwa ambaye sasa anamhitaji, kwa kushika ushauri wa mwaka jana. Ya pili ni maji: mtoto wa selimundu ahimizwe kunywa, mgonjwa wa figo asiyetoa mkojo apimiwe. Hilo si suala la chungu, kila mmoja awe na chupa yake.

Ya tatu ni saa. Anayetumia insulini au glibenklamaidi hawezi kungoja chakula cha saa tatu usiku kwa sababu baba bado yuko kwenye foleni ya magari ya Kimara, Dar es Salaam. Dawa aliyotumia saa kumi na mbili jioni haisubiri mtu, na sukari ikishuka hutetemeka, hutokwa na jasho jembamba, anaweza kuzimia. Hapa heshima ya kula pamoja inapaswa kuinama mbele ya saa: apakuliwe mapema, wengine wamfuate, na glukosi au sukari iwepo nyumbani hata kama nyumba imeamua kuacha sukari kwenye chai. Mwezi wa Ramadhani swali hilo huwa kubwa zaidi, na la kufunga au kutofunga liamuliwe na daktari wiki kadhaa kabla, siyo siku ya kuandama kwa mwezi. Ya nne ni mtoto mdogo na aliyekonda. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji mafuta, maziwa na chakula kizito. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyepoteza kilo kumi anahitaji hivyohivyo. Kuwalisha mlo wa shangazi mwenye uzito uliozidi ni kosa.

Lakini tazama migongano hii yote inatatuliwa wapi. Inatatuliwa wakati wa kupakua, au kwenye saa, au kwenye chupa. Ndiyo maana kanuni ya jikoni inaweza kuwa fupi: kwenye chungu weka kile ambacho mwenye masharti makali anaweza kula, kingine kiongezwe kwenye sahani. Kuongeza kunawezekana, kuondoa hakuwezekani. Uji wa wote ukishatolewa, bakuli la mtoto hutiwa karanga zilizosagwa na maziwa. Mchuzi ukishapakuliwa wa bibi, tui zito huingia kwenye uliobaki. Anayelilia chumvi apewe mezani. Wengi huogopa hilo la mwisho, wakidhani kila mtu atarudishia chumvi yote iliyopunguzwa. Jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 1987 lilipunguza chumvi kwenye chakula na kuwaachia watu vichupa vya chumvi wajinyunyizie watakavyo. Walirudisha chini ya moja ya tano ya kilichoondolewa. Ulimi unazoea ndani ya wiki kadhaa, na baada ya hapo chakula cha zamani ndicho kinachoonekana kimezidi chumvi.

Panapoleta ugumu wa kweli ni kwenye sinia. Pwani, na katika nyumba nyingi za bara pia, watu hula pamoja kwa mkono kutoka sinia moja, na hapo hakuna robo wala nusu. Kumtoa mgonjwa kwenye sinia ni kumtenga, naye atajisikia hivyo hata akiambiwa ni kwa faida yake. Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kubadili sinia lenyewe kabla ya kumgusa mtu: kilima cha wali kipungue, mboga na samaki wapewe nusu ya nafasi, kachumbari isiwe pambo la pembeni. Mwenye masharti makali apakuliwe wali wake kwenye kibakuli lakini akae palepale, achangie mboga na wenzake. Si suluhisho kamili. Ni afadhali kuliko mkeka wa peke yake.

Pingamizi la pili ni la wazima: kwa nini kijana wa miaka ishirini anyimwe kwa sababu ya presha ya mama yake? Swali ni la haki, na lingekuwa na nguvu kama chungu hiki kingekuwa dawa. Si dawa. Ni chakula ambacho kijana huyo angeshauriwa hata kama angeishi peke yake, na kwa kuwa mama yake ana presha, yeye ana sababu zaidi ya jirani yake. Kisukari na presha ndivyo vinavyoongoza duniani kuharibu figo, kwa hiyo kile kinachoonekana leo kama upendeleo kwa mama kinapunguza uwezekano wa nyumba hiyo kupata mgonjwa wa figo miaka kumi ijayo, yule ambaye masharti yake hayaingii kwenye chungu. Na vijana si lazima wawe wapinzani. Katika mji wa Changzhi, China, kati ya shule 28 za msingi zilizoshiriki utafiti, nusu ziliwafundisha watoto kupunguza chumvi na kuwatuma nyumbani na kazi ya kuwashawishi wazazi, nusu zikabaki za kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha watu wazima wa nyumba hizo wakila karibu gramu 3 za chumvi pungufu kwa siku kuliko wa nyumba za kulinganishia. Madaktari wengi hawajapata matokeo hayo kwa kugomba.

Pingamizi la tatu ni fedha, na hili lisijibiwe kwa wepesi. Ni kweli kwamba matunda kila siku kwa watu sita ni mzigo, na kwamba samaki wabichi wamepanda bei. Ni kweli pia kwamba vitu vinavyopunguzwa hununuliwa: sukari, mafuta ya kukaangia, viungo vya pakiti, soda. Mchicha, matembele, dagaa, kunde na choroko bado ni chakula cha watu wa kawaida. Gharama isiyohesabiwa ni ya vyungu viwili: mkaa au gesi mara mbili, na saa mbili zaidi za mtu aliyesimama jikoni. Kwa upande huo chungu kimoja ndicho cha bei nafuu. Lakini kuna nyumba ambazo hazichagui, zinakula kilichopatikana, wakati mwingine mara moja kwa siku. Kwa nyumba hizo kuhubiri robo sahani ni dhihaka, na kwa anayetumia insulini kukosa mlo ni hatari ya siku hiyohiyo. Mhudumu anapaswa kuuliza kwanza kama chakula kipo kabla ya kusema kipi kiliwe, na kupanga dawa kulingana na jibu.

Pingamizi la nne linanigusa kuliko mengine, na ni wanawake wanaolisema. Kuifanya lishe kuwa jambo la familia, wanasema, maana yake ni kumwongezea kazi mwanamke mmoja na kuwapa watu wengine watano ruhusa ya kumlinda mgonjwa kama askari. Wana haki. Utafiti uliofanyika Nashville, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba wenye kisukari ambao jamaa zao walikuwa wakiwakwaza, kwa kuwasimanga, kubishana nao au kuwaharibia mpango, ndio waliokuwa wazembe zaidi wa dawa, hata pale jamaa hao walipoujua vizuri ugonjwa. Ujuzi bila msaada unazaa mgonjwa anayekula chipsi kwa siri kijiweni na kurudi nyumbani kusema hana njaa. Chungu cha pamoja kinapunguza tatizo hilo kuliko kulizidisha, kwa kuwa ambapo wote wanakula kitu kimoja hakuna wa kumchunguza mwenzake. Kinachobaki ni kazi yenyewe. Anayepika, awe mama, binti mkubwa au dada wa kazi, asipewe orodha ya maagizo ya watu waliokaa sebuleni. Waume na wana wanaweza kuloweka maharage, kumenya viazi na kupita sokoni. Nyumba inayomshauri mpishi bila kumsaidia haijaanza.

Upande wa hospitali, kisingizio cha kwamba mambo ni magumu kimeanza kuondoka. Utafiti mkubwa uliofanyika katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda na kuchapishwa mwaka 2023 uliwaweka wagonjwa wa VVU, kisukari na presha kwenye kliniki moja badala ya tatu, na walioishi na VVU hawakupata huduma duni kwa kuchanganywa na wengine. Tulioambiwa kwa miaka kwamba kila ugonjwa lazima uwe na mlango wake tumeona mlango mmoja ukifanya kazi. Hatua inayofuata ni kutoka kwenye mtu mmoja mwenye magonjwa mengi hadi nyumba moja yenye wagonjwa wengi. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji maafisa lishe wa kutosha, na kwenye kila kadi maswali mawili: nani anapika, na nani mwingine nyumbani ana kadi?

Mpaka maswali hayo yaandikwe, familia iyapeleke yenyewe. Siku ya kliniki inayokuja, anayepika aende pamoja na mgonjwa, abebe kadi zote za nyumba, aseme pakiti ya chumvi huchukua siku ngapi kuisha. Na kabla ya kununua chumvi ya kubadilishia, kila mwenye presha au kisukari nyumbani aombe kipimo cha kreatinini na potasiamu, kwa kuwa figo huharibika kwa muda mrefu bila kuuma.